Kilo Arobaini na Tatu

Jina lake halisi nililiona mara moja tu, kwenye fomu ya hospitali, na nikalisoma mara mbili kabla ya kuamini kwamba ni lake. Sisi sote tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa na duka la dobi: mashine mbili za kufulia, moja ya kukaushia, meza mbili za kupigia pasi. Nyuma ya meza moja nimesimama mimi, kwa miaka thelathini na miwili. Jina hilo lilikuwa la heshima, maana hakuna mtu mtaani aliyemkosea adabu. Lakini kila mtu alijua kwamba lina maana yake ya pili, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kuicheka. Alikuwa mwanamke mpana. Mteja mgeni akimkodolea macho, alimwambia, "Kuangalia ni bure, baba. Shati ndilo la kulipia."

Mumewe alikuwa fundi saa, mwembamba kama mishale ya saa zake, tukamwita Sindano.

"Upepo ukivuma mimi namshika shati," Bi Mkubwa alipenda kusema.

Na Sindano, mtu wa maneno machache, alimjibu kila mara, "Ndiyo maana sijawahi kupotea."

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, waliyempata baada ya mimba nne kuharibika. Alikua mbele ya macho yangu, akilala kwenye kapu la nguo safi wakati mama yake akihesabu mashuka ya hoteli. Alipomaliza chuo akawa mwalimu wa shule ya msingi, na tangu siku hiyo tukamwita Mwalimu, hata mama yake mzazi. Mimi aliniita Mamdogo, ingawa hatuna damu moja. Mdomo wake ulikuwa mkali kama wembe, na moyo wake laini, na hakupenda mtu ajue habari ya moyo.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa miguu ilipoanza kumvimba. Tukasema ni kusimama darasani. Uso nao ukavimba, tukasema ni usingizi. Asubuhi moja akaanguka mbele ya ubao akiwa na chaki mkononi, watoto wakakimbia kumwita mwalimu mkuu. Hospitali wakasema figo zake zote mbili zimechoka na hazitarudi. Kuanzia hapo, siku tatu kila wiki, alikaa kwa saa nne kwenye kiti cha kuegemea, damu yake ikitoka kwenye mpira uliowekwa chini ya shingo, ikasafishwa na mashine, ikarudishwa mwilini. Maji ya kunywa akapimiwa kwa kikombe. Alikuwa akinyonya kipande cha barafu polepole, macho ameyafumba, kama mtoto mwenye peremende.

Daktari wa figo alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Aliwaeleza wazazi kwamba tiba yenyewe hasa ni figo ya mtu mwingine. Sindano alisema "chukua yangu" kabla sentensi haijaisha. Wakapima: damu yake haikuoana na ya mtoto. Wakampima Bi Mkubwa, ikaoana. Aliniambia baadaye kwamba alipiga makofi palepale ofisini, hadi nesi akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Kisha wakampandisha kwenye mizani. Kilo mia moja thelathini na moja. Na presha juu.

"Mama, sitakuficha," daktari akamwambia. "Kwa mwili huu siwezi kukutoa figo. Unaweza kunifia mezani. Na hata ukipona, ile moja utakayobaki nayo itazidiwa. Nitakuwa nimetibu mgonjwa mmoja na kutengeneza mwingine. Ushuke chini ya tisini, ukae hapo, presha itulie. Halafu njoo."

"Na yeye ataweza kusubiri?"

"Mashine inamshikilia," daktari akasema. "Lakini mashine si figo."

Alirudi dukani mchana huo, akavua viatu, akapanda kwenye mizani tunayopimia mashuka ya hoteli. Alisimama pale muda mrefu akitazama mshale.

"Mdogo wangu," akasema, "kumbe mimi ni mashuka ya vyumba arobaini."

Akaanza kujinyima. Wasiojua husema unene ni mdomo tu, lakini mimi nilikuwa naye kuanzia asubuhi hadi jioni, na nilichokiona nakisema. Chai bila sukari, bila maziwa. Tango na yai. Kila alfajiri alizunguka soko mara mbili kwa miguu, magoti yakimlilia, kisha akaja kusimama kwa saa tisa kwenye joto la pasi. Mwezi wa tatu alikuwa amepunguza kilo tisa. Mwezi wa sita, bila kubadilisha chochote, nne zilikuwa zimerudi. Aliposhuka kwenye mizani siku hiyo hakutania. Alikwenda kukaa nyuma ya mashine ya kukaushia, na mashine ilipokuwa inazunguka kwa kelele ndipo alipolia.

Daktari wa figo hakumlaumu. Alimwambia kwamba mwili wa mtu mzima ukishauzoea uzito wake huushikilia kama mwenye nyumba anavyoishikilia hati yake. Akampeleka kwa mpasuaji, kijana mmoja mwenye mikono midogo, ambaye alimchorea kwenye karatasi: tumbo la chakula ni mfuko, tunaukata, sehemu kubwa tunaitoa kabisa, tunakuachia kibomba cha ukubwa wa ndizi. Utakula kidogo sana maisha yako yote. Ukishakatwa hakuna kurudi nyuma. Akamuuliza umri. Hamsini na saba. Mpasuaji akasema inawezekana, ila hatari yake si kama ya mwenye miaka thelathini.

Sindano alikuja dukani siku iliyofuata. Alifunga kibanda chake saa tano asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mke wangu," akasema, amesimama kati ya nguo zilizotundikwa, "duniani nina watu wawili. Unataka wote wawili niwakabidhi kwa watu wenye visu."

"Watatu," Bi Mkubwa akamjibu. "Umemsahau shemeji yako hapa."

Sindano hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Bi Mkubwa akaweka chini shati alilokuwa analikagua. "Tumbo hili ndilo lililomleta," akasema. "Sasa linatakiwa likatwe ili abaki. Nililinde la nini?"

Kiwanja walichokuwa wamekiweka kwa ajili ya uzee wao kikauzwa wiki hiyohiyo.

Kikabaki kikwazo kimoja, Mwalimu mwenyewe. Tangu siku ya kwanza alikuwa amesema hataki mtu yeyote akatwe kwa ajili yake, na mama yake ndiye hata asitajwe. Akilazimishwa, alisema, ataacha hata mashine. Kwa hiyo Bi Mkubwa akatukalisha, mimi na mumewe, akatuapisha. Mtoto ataambiwa upasuaji ni kwa sababu ya magoti. Figo itatajwa siku kila kitu kitakapokuwa tayari.

"Mgonjwa haulizwi uji," akasema. "Utapikwa, utapoa, ataletewa."

Alimwambia Jumapili moja mchana, nyumbani kwao, mimi nikiwepo. Tulikuwa tumekaa sebuleni tukikunja vitambaa vya meza vya mteja mmoja, maana kwa Bi Mkubwa hata Jumapili mikono haikukaa bure. Mwalimu alikuwa ametoka kwenye mashine jana yake, amejiegemeza kwenye kochi, ngozi yake imekuwa ya kijivu.

"Magoti," Mwalimu akarudia.

"Yananisumbua, mwanangu."

"Yamekusumbua miaka ishirini. Leo ndipo umeyakumbuka." Akamtazama mama yake kuanzia juu hadi chini, kisha akasema taratibu, kama anayesoma kitu ubaoni, "Mimi natafuta siku za kuishi, wewe unatafuta kiuno."

Kitambaa nilichokishika kilinitoka mikononi. Sindano aliinuka akaenda uani, akasema anakwenda kutazama bomba linalovuja. Hakukuwa na bomba linalovuja. Bi Mkubwa aliendelea kukunja, pembe kwa pembe, akalainisha kitambaa kwa kiganja, akakiweka juu ya vingine.

"Si vibaya na mimi nikipendeza kidogo," akasema.

Aliponisindikiza nje nilimwambia hilo si neno la kulimeza. Akaniambia, "Nimezaa mwenyewe, nitameza mwenyewe."

Alipasuliwa mwezi uliofuata. Niliyetia saini pamoja na mumewe ni mimi, na ndipo nilipoliona lile jina lake. Walimtoboa vijitundu vitano, hata huwezi kuamini kwamba kupitia humo wametoa tumbo la mtu. Alipozinduka aliuliza saa ngapi, akauliza kama Mwalimu amekwenda kwenye mashine yake. Kisha akaomba maji, wakampa kijiko kimoja, wakamwambia asubiri dakika kumi kwa kijiko cha pili.

Wiki mbili alikunywa vitu vya majimaji tu, mwezi mzima vilivyopondwa. Aliporudi dukani alikuja na kikombe cha kahawa, kile kidogo, na kijiko cha mtoto. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake cha mchana. Siku moja alijisahau, akatafuna kipande cha nyama haraka kwa sababu mteja alikuwa anasubiri, na nusu saa nzima alikuwa ameinama juu ya karo la kufulia, jasho linamtiririka, akasema ni kama mtu amemsimamia kifuani. Nywele zikaanza kutoka kwa mafungu. Ngozi ya mikono ikalegea, ikawa inayumba anapopiga pasi, akawa anavaa mikono mirefu hata kwenye joto lile. Na uzito ukawa unashuka. Mia moja kumi na nane. Mia moja na tisa. Mia moja na moja.

Mtaani watu wakagawanyika. Kuna waliomsifu, na kuna waliokuja kwangu kuninong'oneza, "Mwenzetu ana nini?" Nilikuwa nawajibu ana kazi nyingi, leta nguo zako.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mtu anaweza kukilia chakula. Bi Mkubwa alikuwa mtu wa kula kwa furaha, na kwa huzuni pia. Alipofiwa na mama yake alikula siku tatu mfululizo, bila aibu, akasema ndivyo anavyojua kuomboleza. Sasa alikuwa anaweza kunusa mkate wa moto kutoka duka la jirani, akaacha pasi, akasimama mlangoni, akarudi. "Nimekwenda kumsalimia," alikuwa akisema.

Na bado Mwalimu alikuwa akimchoma. Sasa naelewa kwamba ilikuwa hofu. Mtoto anayekauka anamwona mama yake naye anayeyuka, na hajui kwa nini. Lakini wakati ule niliona ukali tu. Ilikuwa mwezi wa sita baada ya upasuaji. Mwalimu alipita dukani akitokea hospitali, akakuta mama yake amejaribu gauni aliloachiwa na mteja, gauni la bluu, la kwanza la saizi ya kawaida alilowahi kuvaa tangu nimjue.

"Sasa imebaki rangi ya mdomo," Mwalimu akasema.

Bi Mkubwa akatabasamu, akaenda nyuma kutoa nguo kwenye mashine.

Nilikuwa nimekula kiapo. Mwezi wa sita niliivunja ahadi yangu, na sijutii na nimejuta, vyote viwili. Niliiweka pasi chini, nikazunguka meza, nikamwambia Mwalimu kila kitu kwa sauti ya chini: mizani, daktari, lile tumbo, kiwanja, na neno lake la kiuno ambalo mama yake alilimeza pamoja na vijiko vyake viwili vya supu. Sikumbuki niliyapanga vipi. Nakumbuka alikaa. Hapakuwa na kiti, akakaa juu ya kapu la nguo chafu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ya kwanza."

Bi Mkubwa akatokea na kapu lake la mashuka mabichi, akatuona, akajua. Alinitazama mara moja tu. Sijawahi kutazamwa vile, wala kabla wala baadaye. Akaweka kapu chini, akakaa kwenye benchi ya wateja.

"Sitaki," Mwalimu akasema.

"Hukuulizwa."

"Mama, ungekufa."

"Sikufa."

"Nilikuambia maneno mabaya."

"Ulikuwa hujui. Na hata ungejua, wewe na mdomo wako ungepata mengine."

Mwalimu akainuka kwenye kapu, akaja kupiga magoti mbele ya benchi, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Akakiinua, akakigeuza upande wa pili, akakilaza tena. Alikuwa anatafuta mahali.

"Ni mifupa mitupu," akasema, na sasa alikuwa analia. "Mapaja yako yamekwenda wapi?"

"Yamekwenda kukutafutia figo," Bi Mkubwa akasema, na akamfunika kichwa kwa kiganja.

Mteja aliingia na suti mkononi, akatuona watatu tunalia, akasema atarudi kesho.

Miezi minne iliyofuata sijui niieleze vipi ila kwa kusema ilikuwa mizuri. Mwalimu akawa anakuja dukani siku ambazo hana mashine, anaketi kwenye kapu lake, anatusomea makosa ya watoto kwenye madaftari. Mchana mama na binti walikula pamoja, mmoja kakatazwa chumvi na maji, mwingine kakatazwa haraka na wingi. Hata kwenye sahani moja ndogo walikuwa wanabakiza. Sindano aliwaita wageni wake wa heshima, akasema hajawahi kulisha watu kwa gharama ndogo hivi.

Mwalimu hakuzungumzia sana figo. Alichozungumzia ni maji. Alisema siku watakapomruhusu atajaza jagi, ajaze na la pili, akae chini, anywe bila kikombe, ashushe pumzi, anywe tena. Kikombe chake cha siku kilikuwa kimemchosha kuliko sindano zote.

"Na mimi siwezi kugugumia tena," mama yake akasema. "Kwa hiyo utakunywa zako na zangu."

Mwezi wa kumi Bi Mkubwa alifika kilo themanini na nane. Alikuwa ameacha kilo arobaini na tatu njiani, na presha yake ilikuwa ya msichana. Daktari wa figo alimtaka akae kwenye uzito huo kwa muda, akakaa. Wakampima moyo, mapafu, mkojo, wakachanganya damu yake na ya binti yake mara mbili, vyote vikaitikia. Siku ikapangwa, Jumatano, wiki tatu mbele. Sindano aliiandika kwenye karatasi akaibandika ndani ya kibanda chake, katikati ya saa zote zile.

Zilibaki siku kumi na tatu Mwalimu alipoanza kutetemeka akiwa kwenye mashine. Joto likapanda. Wadudu walikuwa wameingia kwa ule mpira wa shingoni, wakafika kwenye damu, na kwenye damu wakafika kwenye moyo. Hayo tuliyajua baadaye. Siku ile walisema ni homa, wakamlaza, wakamwekea dawa, wakasema upasuaji huenda ukasogezwa kidogo. Lilikuwa neno dogo tu, usogezwe, na Bi Mkubwa alilishikilia. Ukisogezwa, basi upo. Kwa hiyo hakukubali kukosa kipimo chake hata kimoja.

Jumatatu, siku ya tano, saa nne asubuhi, alikuwa ghorofa ya chini akitolewa damu ya kipimo cha mwisho. Mimi na Sindano tulikuwa juu. Mwalimu alikuwa na fahamu. Alisema ana kiu. Nesi alimlowesha midomo kwa pamba, akasema, "Subiri dada, daktari yuko njiani." Mwalimu akanitazama akasema, "Mamdogo, mwambie Mama asipande ngazi haraka." Kisha akavuta pumzi moja ndefu kama mtu anayetaka kuinua kitu kizito, na hakuimaliza.

Bi Mkubwa alipanda ngazi. Miaka ile yote asingeweza kupanda ghorofa mbili bila kupumzika mara tatu. Siku hiyo alipanda moja kwa moja, mkono umekunjwa, pamba ikiwa bado imebanwa kwenye kiwiko. Nilimwona mwanzo wa ukumbi akija kwa mwendo mwepesi, na sikuwa na mahali pa kuuficha uso wangu.

Hakupiga kelele. Aliingia, akamshika mtoto miguu, ile miguu iliyoanza kuvimba, akaisugua kama anayeipasha joto. Akasema, "Nimemaliza vipimo, Mwalimu. Vyote." Akalirudia hilo mara kadhaa, hadi Sindano akamshika mabega.

Msiba ulijaa watu. Wanafunzi wake walikuja na sare zao, zimepigwa pasi vibaya, nikajikuta nazitazama kola kwa sababu sikuweza kutazama kitu kingine. Walikuja pia ndugu kutoka mbali ambao hawakuwa wamemwona Bi Mkubwa kwa miaka miwili, na kwao yeye alikuwa habari. Dada yake Sindano alimkumbatia, akalia, akajitenga kidogo, akamtazama.

"Wifi, umekuwa msichana," akamwambia, machozi yakiwa bado mashavuni. "Umependeza. Umefanyaje?"

Nilitaka kumtoa mtu yule nje kwa mkono. Bi Mkubwa akasema, "Asante, wifi."

Alilisikia neno hilo mara nyingi siku hiyo. Umependeza. Umepungua. Na watu wazuri tu, wenye huruma ya kweli, waliokosa la kusema wakashika lililokuwa mbele ya macho yao. Aliwashukuru wote.

Jioni nilimletea sahani. Niliweka kila alichokuwa akikipenda zamani, maana nilikumbuka alivyomlilia mama yake. Alikula kijiko kimoja, cha pili, cha tatu. Cha nne alikifikisha mdomoni, akakirudisha.

"Nimejaa, mdogo wangu," akaniambia, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukavunjika. "Sina kitu tumboni na nimejaa. Hata kumlilia siwezi."

Mwezi mmoja baadaye aliniomba nimsindikize kwa mpasuaji. Nilidhani anakwenda kuchunguzwa. Alikaa kwenye kiti, mkoba mapajani, akamuuliza yule kijana kama kuna namna ya kumrudishia tumbo lake.

Mpasuaji alidhani hakusikia vizuri. "Kuna maumivu, Mama?"

"Hakuna. Nataka kurudi nilivyokuwa."

"Ile sehemu tuliitoa, Mama. Haipo tena."

"Najua." Alikuwa anaongea kwa utaratibu, kama anayemweleza mteja kwamba doa hili halitoki. "Ila mwanangu hakunijua hivi. Mama aliyemjua ni yule mwingine. Akinitafuta huko aliko, atanipita."

Kijana yule akatoka kumwita daktari wa figo, ambaye alikuja, akavuta kiti akakaa karibu nasi, miwani ikining'inia kifuani. Bi Mkubwa akamuuliza jambo moja tu, kwa nini hawakumtajia upasuaji wa tumbo siku ile ya kwanza, kabla ya miezi sita ya matango. Daktari angeweza kusema kwamba hivyo ndivyo utaratibu ulivyo. Alisema, "Nimejiuliza hilo kila siku, Mama."

Kuna waliotarajia kwamba angempa figo ile mgonjwa mwingine. Nesi mmoja alimgusia, kwa adabu. Pale kwenye mashine kulikuwa na vijana wengi waliokaa karibu na Mwalimu, na mama zao tuliwajua kwa sura. Bi Mkubwa alifikiri siku mbili, akasema hapana. "Ilikuwa ya Mwalimu," akaniambia. Alijua kuna watakaomhukumu. Alijihukumu mwenyewe pia, nilimwona, kila tulipopita karibu na jengo lile. Lakini hakubadilika, nami sikumsukuma. Mwili huu alikuwa ameutengeneza kwa mtu mmoja.

Bado tunafanya kazi. Ana miaka sitini sasa, na hajaongezeka hata kilo moja. Anameza vidonge vyake vya madini asubuhi na jioni, na magoti, yale ya kusingizia, hayamuumi. Kuhusu kuvunja ahadi yangu hajawahi kuniuliza. Nilijaribu mara moja kumwomba radhi. Akasema, "Uliniongezea miezi minne," akaendelea kuhesabu mito.

Wiki iliyopita nilipita kwao mchana kuchukua ufunguo wa stoo. Mlango ulikuwa wazi, nikawakuta mezani, yeye na Sindano, sahani moja katikati. Bi Mkubwa alichukua kijiko, akatafuna muda mrefu kama anavyotakiwa, akakiweka chini. Sindano naye akachukua kijiko kimoja, akakiweka chini, akasubiri. Dakika zikapita. Mke akachukua cha pili, mume akachukua cha pili. Mwanaume yule ana tumbo lake zima, angeweza kumaliza wali ule kwa dakika tano akarudi kwenye saa zake. Nilisimama kizingitini na sikubisha hodi hadi walipomaliza.